Utoaji mimba usio salama: mambo unayopaswa kujua na wapi pa kukimbilia

Kama wewe au mtu aliye karibu nawe anatoka damu nyingi sasa hivi baada ya mimba kutoka, usimalize kusoma. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku. Matibabu ya mimba iliyoharibika yanaruhusiwa Kenya, Uganda na Tanzania, iwe mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa.

Makala hii haimhukumu mtu, wala haimwelekezi mtu kutoa mimba. Inaeleza kwa nini jambo hili linaua wanawake na wasichana, na namna ya kuwaokoa.

Utoaji mimba usio salama ni nini?

Ni kutoa mimba kwa mkono wa mtu asiye na ujuzi, au mahali pasipofikia kiwango cha chini cha huduma ya afya, au vyote viwili. Hapa ndipo panapoingia vitu vyenye ncha, kemikali, mitishamba ya kunywa au kuingizwa ukeni, na vidonge vilivyonunuliwa kwa siri bila mtu wa kueleza ni dawa gani, itumiwe vipi na nani asiitumie.

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mimba milioni 73 hivi hutolewa duniani kila mwaka. Karibu 45 katika kila 100 hutolewa kwa njia isiyo salama, na karibu zote hizo zisizo salama, yaani 97 katika kila 100, ni katika nchi zinazoendelea.

Kwa jirani zetu wa Kenya, utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 zilitolewa mimba karibu 465,000. Wanawake karibu 120,000 walifika katika vituo vya afya mwaka huo kutibiwa madhara yake. Hao ni waliofika. Wapo waliobaki nyumbani kwa hofu au aibu, na wengine hawakupona.

Madhara makubwa ni haya:
- kuvuja damu nyingi, ambako kunaweza kuua kwa saa chache;
- mabaki ya mimba kubaki tumboni na kuoza;
- maambukizi yanayosambaa mwilini kupitia damu;
- kutoboka kwa mfuko wa uzazi au utumbo;
- sumu kutokana na vitu vilivyonywewa;
- ugumba, au maumivu ya tumbo ya muda mrefu.

Kwa nini wakimbizi wako hatarini zaidi?

Wengine walibakwa vitani au njiani. Wengine walikatiza njia yao ya uzazi wa mpango walipokimbia. Msichana asiye na wazazi anaweza kulaghaiwa kwa sabuni au pesa ya chakula, hasa mgao unapopungua. Akishika mimba, anaogopa kufukuzwa nyumbani au shuleni. Hajui sheria ya nchi aliyokimbilia, hajui lugha ya muuguzi, na mtu wa kwanza kumpa jibu mara nyingi ni muuza dawa za magendo. Wenyeji maskini wanaoishi jirani na kambi wanapitia mengi ya hayo hayo.

Dalili za hatari

Mpeleke mgonjwa kituoni mara moja ukiona hata moja kati ya hizi:
- analowesha pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa moja, saa mbili mfululizo;
- ana homa au anatetemeka kwa baridi;
- anatokwa na uchafu wenye harufu mbaya;
- ana maumivu makali ya tumbo, au tumbo limekuwa gumu;
- anapata kizunguzungu, anazimia, au ngozi yake ni baridi na yenye jasho;
- amechanganyikiwa au anapumua kwa shida.

Mkiwa mnasubiri gari au bodaboda, mlaze, inua miguu yake, mfunike apate joto. Usimwingize kitu chochote ukeni, wala usimpe dawa nyingine ya kienyeji. Kama alikunywa kitu, chukueni pakiti au chupa yake. Mwambie mtoa huduma ukweli wote, kwa sababu tiba ya sumu si sawa na tiba ya jeraha.

Kituoni watafanya nini?

Watapima damu na joto la mwili, watazuia damu isiendelee kutoka, watatoa dawa za maambukizi, na wakikuta mabaki watayaondoa kwa dawa au kwa kifaa cha kufyonza. Hali ikiwa mbaya watampa rufaa kwenda hospitali kubwa. Mtoa huduma ana wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. Nchini Kenya, Katiba, ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ukifukuzwa au kutukanwa, peleka malalamiko kwa ofisi ya ulinzi au dawati la UNHCR katika makazi yako.

Sheria inasemaje?

Sheria inayokuhusu ni ya nchi unayoishi sasa.
- Kenya: Katiba ya 2010, ibara ya 26, inakataza kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu.
- Uganda na Tanzania: sheria za adhabu zinakataza kutoa mimba, lakini zinalinda upasuaji unaofanywa ili kuokoa maisha ya mama.
- Kongo: tangu Machi 2018, Itifaki ya Maputo ilipochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, inaruhusiwa kwa sababu kama kubakwa, mimba ya ndugu wa damu, au hatari kwa afya ya mama. Ruhusa hiyo haikufuati ukivuka mpaka.

Ukibakwa

Fika kituoni ndani ya saa 72. Utapewa dawa za kukinga VVU, ambazo hazifai kuanzwa baada ya muda huo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi siku 5, lakini kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Hata siku hizo zikipita, nenda. Bado kuna matibabu na ushauri.

Kuzuia kabla ya hatari

Ulizia uzazi wa mpango kituoni: kondomu, vidonge, sindano, kipandikizi au kitanzi. Mwanamke aliyepoteza mimba anaweza kushika nyingine ndani ya wiki 2 tu, hata kabla hajaona hedhi. Kwa hiyo aulize siku hiyo hiyo ya matibabu, asingoje.

Wewe jirani, mzazi au kiongozi wa kijiji

Mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa huonyesha dalili zile zile. Ukianza kumnyooshea kidole kila mwanamke anayetoka damu, hata yule aliyempoteza mtoto aliyemtamani ataogopa kwenda kituoni. Usipeleke habari zake bombani wala kanisani au msikitini. Tafuta usafiri, baki na watoto wake, mwite mhudumu wa afya wa jamii. Maswali yanaweza kungoja, damu haingoji.