Nahamia Mashuani na Begi Moja. Bibi Yangu Alikuja na Furushi

Niko chini sakafuni kwa bedsitta yangu hapa Ukunda, na mbele yangu kuna mafungu matatu: vya kuuza, vya kugawa, vya kubeba. Fungu la kubeba ndilo linanitesa. Wiki ijayo nahamia mashua ya Ami yangu kule Shimoni, msimu mzima wa kaskazi, na Ami amenipa sheria moja tu: begi moja na ndoo moja yenye kifuniko. Nilipoanza kubishana akacheka. "Mwanangu, mashua haina kabati."

Basi viatu jozi sita, nimeuza nne. Taa ya kurekodi nimempa jirani. Spika imeenda kwa bei ya kutupa, na mazee iliniuma.

Najua mshaziona zile video za wazungu wanaouza nyumba, wanapunguza vitu mpaka vinabaki mia moja, halafu wanahamia boti nyeupe na kutuambia wamegundua siri ya maisha. Nazipenda, sidanganyi. Lakini nikiwa napanga begi nikajiuliza: hii siri si ni ya kwetu? Pwani hii watu wamehamia vyomboni na vitu vichache karne nzima na karne. Tukiangalia waliokuwa wanabeba nini, na waliokatazwa kubeba nini, tutajua kitu kuhusu sisi.

Tuanze na upepo, maana upepo ndio uliokuwa ratiba. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, ukaleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi ukianza kama Aprili, yanarudi. Mwaka 1938 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait lililokuwa chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na kaskazi hadi Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Kitabu chake kilitoka 1940. Mabaharia wale walilala sitahani, na mali ya mtu ilikuwa sanduku lake. Ndani mna nguo kidogo, na vitu vidogo vya kuuza bandarini ili naye apate chochote cha kupeleka nyumbani. Yaani sanduku lile lilikuwa kabati, duka na benki. Hakuna aliyekuwa anatafuta utulivu wa moyo pale. Nafasi ilikuwa ya shehena, na shehena ndiyo iliyolipa.

Karibu zaidi na sisi kuna dago. Kama umekulia Diani mjini huenda hujalisikia. Wavuvi, hasa Wapemba, huondoka kwao msimu ukifika, wakafuata samaki pwani hii yetu, Vanga, Shimoni, mpaka Malindi na mbele. Wanapiga kambi ufukweni wiki au miezi. Kambi hiyo ndiyo dago. Wanachobeba ni nyavu, mishipi, tanga, sufuria, unga, chumvi, mtungi wa maji, mkeka na nguo ya kubadilisha. Samaki wasiouzwa siku hiyo wanatiwa chumvi na kuanikwa, wanakuwa ng'onda. Ukiwatazama utasema hawa ndio mabingwa wa kuishi na vitu vichache. Ila kumbuka: mtu wa dago ana nyumba Pemba. Kabati lake lipo, limefungwa, na ufunguo anao mkewe.

Sasa nije kwa Bibi.

Bibi yangu alizaliwa Pemba. Alivuka kuja Shimoni na wazazi wake mwaka 1964, akiwa msichana mdogo, usiku. Anasema walibeba furushi moja la kanga, chungu, na kuku mmoja ambaye alikufa njiani. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa Januari 12, 1964, na baba yake aliogopa. Hawakukaa chini kupanga mafungu matatu.

Hapa ndipo historia inapochekesha kwa uchungu. Kabla ya hapo, Pemba na Shimoni zilikuwa chini ya bendera moja. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili 10 wa pwani hii. Waingereza walichukua usimamizi wake 1895, lakini ukanda ukaendelea kuhesabiwa kuwa wa Sultani mpaka mwishoni mwa 1963, ulipokabidhiwa Kenya huru. Kenya ikapata uhuru Desemba 12, 1963. Mwezi mmoja kamili baadaye, Zanzibar ikapinduliwa. Babu zake Bibi walikuwa wakivuka mkondo ule kama wewe unavyovuka Likoni. Yeye alipovuka, upepo ulikuwa uleule na maji yaleyale, lakini safari hii alikuwa mgeni. Na katika lile furushi hakukuwa na karatasi hata moja.

Karatasi hiyo ilimkosesha vitu miaka 59. Bila kitambulisho hufungui akaunti, husajili laini, hupigi kura. Baba yangu alizaliwa hapahapa, akavua hapahapa, naye hana. Na mimi vilevile.

Wengi mnaniuliza kwa nini niliacha chuo, na nimekuwa nikijibu kwa mzaha kwamba shule ilinishinda. Shule haikunishinda. Niliingia kwa mchango wa ukoo, mchango ukaisha mwaka wa pili, na mkopo wa wanafunzi unataka kitambulisho. Nilizungushwa ofisi moja hadi nyingine, kila mtu akiniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nikarudi nyumbani. Hata pesa za video zangu za kwanza ziliingia kwa laini ya rafiki yangu.

Na si sisi pekee. Wamakonde wa hapa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walikaa bila uraia vizazi na vizazi. Oktoba 2016 waliamua kuandamana mpaka Ikulu Nairobi, na hapo ndipo serikali ikaamuru wasajiliwe. Wapemba walitambuliwa rasmi Januari 2023. Bibi alikipata kitambulisho chake mwaka huo, akakikagua picha akasema amezeeka kuliko alivyofikiri. Changu kilikuja pia. Chuo nilikuwa nimeshakiacha mwaka mzima.

Hapohapo Shimoni, mapema 2001, zaidi ya watu 2,000 walifika kwa vyombo wakikimbia vurugu za kisiasa Zanzibar na Pemba. Na hapohapo yapo mapango, ambayo wenyeji wanasimulia kuwa watumwa walifungiwa mle wakisubiri kupakiwa majahazini. Hao hawakuachiwa hata jina la kubeba. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa na vitu vichache ni uhuru, namuuliza kwanza: nani alikupunguzia? Kama ni wewe mwenyewe, na unaweza kurudi ukanunua vingine, sawa, furahia. Mimi mwenyewe nafurahia, chumba kimekuwa chepesi na usingizi mzuri. Lakini mabaharia wa Kuwait, watu wa dago, na bibi yangu wote walikuwa na mzigo mdogo, na hadithi zao hazifanani hata kidogo.

Basi haya ndiyo yamo begini: nguo tatu, kikoi, shuka, simu na chaja, dawa ya malaria, kisu, daftari. Ndoo ina unga, kahawa na pakiti ya ndimu alizonisukumia Bibi.

Jana nilienda kumuaga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, wala hakuniuliza habari ya nguo. Akauliza, "Kitambulisho umekitia wapi?" Nikamwambia kimo mfukoni. Akainuka polepole, akaenda jikoni, akarudi na mifuko miwili ya nailoni na kipande cha mpira wa baiskeli. Akakifunga mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, akakaza fundo kwa meno.

"Chombo kikizama," akasema, "nguo ziache."

Na wewe, nenda leo umuulize bibi yako au babu yako: alipohama, alibeba nini, na nini hakuruhusiwa kubeba? Niandikie. Nikipata mtandao huko madagoni, nitasoma zote.