Nyimbo Zilizopotea Pasipo Moto

Msomaji, bila shaka umesoma habari za maktaba zilizoteketea kwa moto. Hazina nitakayokusimulia ilipotea pasipo moto wala moshi.

Mwaka 2003 ilianzishwa huko California, Marekani, kampuni iitwayo MySpace. Vijana wengi walipeleka huko nyimbo walizozinasa wenyewe kwa tarakilishi, wakidhani zimepata makao ya kudumu. Na si wachache waliokaa bila nakala nyingine nyumbani. Machi 2019 habari zikaenea kwamba kampuni ilipokuwa ikihamishia kazi hizo katika mitambo mipya, ziliharibika. Nyimbo zilizopotea zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50, kazi ya miaka 12!

Mtu ahamaye nyumba, chungu kikimponyoka njiani, kimevunjika. Hakuna cha pili. Lakini wimbo ulio ndani ya tarakilishi wanakilika mara elfu usipungue hata sauti moja. Kwa hiyo mimi naona hasara ile haikuwa na udhuru.

Mwezi uliofuata, hifadhi iitwayo Internet Archive, yenye makao yake San Francisco, ilitoa nyimbo 490,000 hivi. Zilikuwa zimenakiliwa kati ya 2008 na 2010 na wasomi waliokuwa wakichunguza mambo ya muziki, wala hawakukusudia kuokoa kitu. Haikutimia hata moja katika mia. Walakini waliobahatika waliweza kuzisikia tena sauti zao za ujanani.