Namba ya Mzazi ni Amana

Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi wengi wa Madibira wako majarubani wakipandikiza mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya huko, ya karibu hekta 3,000, inayopata maji ya mto Ndembera, haimngoji mtu aende shuleni kuitikia wito. Kwa hiyo shule hutegemea simu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huleta fomu ya kujiunga yenye namba ya mzazi au mlezi, mwalimu wa darasa huinakili kwenye daftari, na mara nyingi orodha hiyo huishia kubandikwa ukutani ofisini. Anayeingia kuuza sare au vitabu akiipiga picha, orodha nzima imeondoka naye. Na baadhi ya namba hizo wala si za wazazi. Mama asiye na simu huandikisha ya mwenye duka au ya jirani, hivyo anayesumbuliwa baadaye ni mtu ambaye hana hata mtoto katika shule hiyo.

Wanaoitamani orodha hiyo ni wengi: wakopeshaji, wagombea, wauza pembejeo wanaojua mavuno yako karibu. Tapeli ndiye wa hatari zaidi. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa kubahatisha, na Watanzania wengi wameshauzoea. Lakini mtu anapopiga simu akataja jina la mtoto na darasa lake, kisha akasema ameanguka, yuko hospitali, inatakiwa pesa ya vipimo sasa hivi, ni mzazi gani atakayetulia ahakikishe kwanza? Kinachomfanya aamini ni taarifa aliyoiandika mwenyewe kwenye fomu ya shule.

Ulimwengu umelishughulikia jambo hili kwa njia zinazopishana sana. Marekani, kwa sheria ya 1974 ya kumbukumbu za elimu, jina la mwanafunzi, anwani na namba ya simu vinaweza kuwekwa katika kundi la taarifa ambazo shule inaruhusiwa kuzitoa bila idhini. Sharti ni kwamba shule itangaze mapema na impe mzazi muda wa kukataa. Sheria nyingine, iliyotiwa saini Januari 2002, ikazitaka shule za sekondari kuwapa maofisa wa kuandikisha wanajeshi majina na namba za wanafunzi, isipokuwa mzazi akatae. Utaratibu huo unamtaka mzazi awe na muda, asome tangazo, aandike barua. Asiyefanya hivyo huhesabiwa amekubali. Kwetu anayeshinda jarubani mpaka jioni angekuwa wa kwanza kupoteza haki yake, na ndiyo maana siuoni unatufaa hata kidogo.

Fikihi ya Kiislamu inaanzia upande wa pili. Kilichowekwa kwako kwa kazi fulani ni amana, na ukikitumia nje ya kazi hiyo, hasara yoyote inayotokea inakuangukia wewe uliyekitunza, si mwenyewe. Mwenye mali hakuhitaji kutangaza kwamba anakataa, kwa kuwa mipaka ilikuwepo tangu alipokabidhi. Wayahudi wa Ulaya nao wana marufuku inayonasibishwa kwa Rabi Gershom wa Mainz, aliyeishi yapata miaka 1,000 iliyopita. Wakati huo barua zilibebwa na wasafiri. Aliyefungua barua isiyo yake alistahili kutengwa na jumuiya. Na sisi wenyewe tumelelewa kupiga hodi na kungoja karibu. Mlango ulio wazi haujawahi kuwa ruhusa ya kuingia.

Mapokeo haya matatu yanakubaliana kwamba anayetaka kuingia ndiye mwenye wajibu wa kuomba. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, iko upande wao: taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisitumike kinyume nalo. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024, na mtu anaweza kupeleka malalamiko huko.

Kenya imetangulia katika kuadhibu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo kampuni ya mikopo ya Mulla Pride ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu, zilizopatikana kwa wengine, kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Nazipongeza adhabu hizo. Ila faini huja baada ya miezi, na tapeli anafanya kazi leo.

Hapo ndipo fikihi na desturi ya wazee zinapozishinda faini kwa wepesi. Aliyeharibu amana anatakiwa kwanza akiri mbele ya mwenyewe. Mwalimu mkuu akigundua orodha imetoka, asingoje kujua nani aliitoa. Awapigie wazazi siku hiyohiyo, awaambie shule haitaomba pesa ya matibabu kwa simu, na ataje namba moja ya kuhakikishia. Ujumbe wa matapeli upelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa namba 15040. Shule nyingi huogopa aibu zikanyamaza, na ukimya huo unawagharimu wazazi kuliko uvujaji wenyewe.

Wazazi wa Madibira, kikao kijacho kiulizeni uongozi maswali matatu kabla ya ajenda ya michango: orodha yetu iko wapi, nani ana nakala, na ile iliyobandikwa ukutani itaondolewa lini.