Mvuke na Mlango Wake

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Ndiyo iliyopitisha Kingolwira, karibu na Morogoro, injini za mvuke, yaani matangi makubwa ya maji yanayochemka yakiwa yamefungwa kabisa. Ukisimuliwa habari za reli hiyo utasikia mataruma, manamba na mkonge. Kifaa kidogo kilichokaa mgongoni mwa injini hakitajwi. Ni valvu ya usalama: kizibo kilichokandamizwa kwa springi, kwa kanuni iliyoanza Ulaya na Denis Papin mwishoni mwa karne ya 17. Presha ikivuka kiwango, kizibo kinainuka chenyewe na mvuke unafyatuka kwenda juu, kwa sababu dereva na mchochea moto wako chini. Historia ya maji moto, kwa maoni yangu, isomwe kwa kufuata njia hiyo ya kutokea. Tangi ni tangi tu. Kinachoonyesha watu walielewa nini kuhusu moto wao ni mahali walipouachia mvuke mlango.

Majumbani haukufuatwa mfano wa injini. Katika nyumba za walowezi na maofisa wa kikoloni Afrika Mashariki, maji ya kuoga yalipashwa nje, katika pipa la galoni 44 lililolazwa juu ya matofali, kuni chini yake. Waandishi wa Kiingereza waliliita boila ya Tanganyika. Maji baridi yaliteremka kutoka tangi la juu. Kutoka mgongoni mwa pipa bomba moja lilikwenda bafuni, na jingine lilipanda hadi juu ya tangi, mdomo wazi. Pipa la lita 200 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 90, maji yake huongezeka kama lita 7, na lita hizo zilikuwa na pa kwenda. Kuni zikikolea mno, bomba lilitema maji na mvuke hewani, basi. Atasema mtu huo ulikuwa ufundi wa shida, wa kuokoteza mapipa. Lakini Uingereza kwenyewe nyumba zilitegemea bomba lililo wazi mpaka kanuni za ujenzi za 1985 zilipofungua mlango kwa matangi yaliyofungwa. Tena kuni hazina swichi. Moto usiozimika kwa mara moja unataka njia isiyoweza kuziba, na bomba tupu halina springi ya kukwama wala kutu ya kuung'ang'aniza mlango.

Sasa injini za mvuke zimekwisha, na tangu Juni 2024 treni za umeme zinakwenda Morogoro. Chombo kilichofungwa kimehamia bafuni: hita ya umeme ukutani, juu ya kichwa cha mwenye kuoga. Wako wanaoona hakuna hatari, kwa kuwa simtanki lililo mita 3 juu ya hita halisukumi hata nusu ya presha ya tairi la baiskeli. Hesabu hiyo ni sahihi kwa maji baridi tu. Presha ya hatari inatengenezwa na joto ndani ya tangi lenyewe, na mara nyingi haionekani kwa sababu maji yanayotanuka yanarudi kimyakimya kwenye bomba la kuingilia, kuelekea simtanki. Kumbe hilo ndilo bomba la kupumulia la zamani, ila hakuna aliyelipa jina. Siku fundi atakapofunga pampu na chekivalvu ili maji yasirudi, atakuwa amefunga mlango huo, na kitakachobaki ni valvu ya usalama ya hita peke yake. Kidhibiti joto kikifa, maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi mara 1,600 ya maji yaliyouzaa.

Ndiyo maana bomba la kutolea maji chini ya valvu hiyo si pambo. Injini ilitupa mvuke juu. Bafuni kuna dari na mtu yuko chini, hivyo maji lazima yateremke, yatoke nje, yamwagike karibu na ardhi mahali yanapoonekana. Bomba liwe la chuma, maana plastiki hulainika. Lisiwe na koki, wala lisipande kokote. Wengi hulikatisha juu ya sinki, au hulichomekea kizibo kwa kukereka na matone. Hita ya lita 50 inayopanda kutoka nyuzi 20 hadi 70 inahitaji kutoa karibu lita 1 ya maji, na ikiwa chekivalvu imefunga njia ya nyuma, matone hayo ni kazi ya valvu, si ubovu wake.