Mitaa ya Nairobi na Upweke wa Msituni

Katika Kiswahili, kuingia msituni ni kushika silaha dhidi ya serikali, wala si kuukimbia ulimwengu kama afanyavyo mtawa. Historia ya mitaa ya mashariki ya Nairobi yathibitisha tofauti hiyo.

Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, baadhi ya vijana wa mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo na Bahati walikwenda katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Maisha ya huko yalikuwa ya dhiki: vibanda vya matawi, mavazi ya ngozi, asali na nyama ya mwitu. Hata hivyo hawakutengana na jamii. Fedha, dawa, risasi na wapiganaji wapya vilitoka mjini kwa siri.

Uhusiano huo ulivunjwa kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza yalipoizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa katika kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Mashambani nako watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na handaki likachimbwa kandokando ya msitu. Ndipo upweke ulipoanza. Dedan Kimathi, mmoja wa viongozi wa maelfu ya wapiganaji, alikuwa peke yake alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956.

Basi upweke huo haukuchaguliwa na wapiganaji. Ulikuwa silaha ya serikali. Aiandikaye historia ya msitu hana budi kuanzia mtaani.