Georg Milbradt na Deni Lisiloonekana: Mchumi Madarakani Saksonia

Januari 2001 Waziri Mkuu wa jimbo la Saksonia nchini Ujerumani, Kurt Biedenkopf, alimfukuza waziri wake wa fedha, Georg Milbradt, huku akimtaja kuwa mtaalamu mwenye kipaji kikubwa lakini mwanasiasa asiyefaa kitu. Maneno hayo yamemwandama Milbradt hadi leo, na kila anapoandikwa habari zake hayakosi kurudiwa. Makala haya yanadai kwamba hukumu ile ilikuwa kichwa chini, miguu juu. Siasa Milbradt aliimudu. Kilichomwangusha ni fedha, yaani fani yake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1945 Eslohe, magharibi mwa Ujerumani, akasomea uchumi, sheria na hisabati Münster, na mwaka 1983 akawa mweka hazina wa jiji hilo. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, Biedenkopf alimwita Dresden, mji mkuu wa Saksonia, awe waziri wa fedha. Kwa muda wa miaka kumi majimbo jirani ya mashariki yalikuwa yakikopa, naye alikuwa akibana. Fedha za mshikamano zilizotoka magharibi alizielekeza kwenye barabara, shule na vitega uchumi, si kwenye mishahara. Saksonia ikawa, pamoja na Bavaria, miongoni mwa majimbo yenye madeni madogo kuliko yote nchini, na sifa hiyo ni haki yake.

Je, huyu alikuwa mwanasiasa duni? Miezi minane tu baada ya kufukuzwa alinyakua uenyekiti wa chama chao, CDU, jimboni, Biedenkopf akiwa bado madarakani na hataki hata kumsikia. Ni kweli kwamba mzee huyo, ambaye watu walimwita mfalme, alikuwa amejichafua kwa kashfa ya kodi ya nyumba ya serikali aliyoishi. Lakini kushinda chama chenye mfalme kunahitaji mtu anayejua kuhesabu wajumbe, si bajeti tu. Aprili 2002 Milbradt aliapishwa kuwa waziri mkuu.

Uchaguzi wa 2004 ulimtikisa. CDU ilishuka kutoka asilimia 56.9 hadi 41.1, na NPD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kikapata asilimia 9.2. Bungeni, pamoja na kuungana na chama cha SPD, Milbradt alihitaji duru ya pili ya kura ili achaguliwe, na mgombea wa NPD akapata kura 14 wakati chama chake kilikuwa na wabunge 12. Kura hizo mbili za ziada zilitoka wapi, hakuna aliyejitokeza kusema. Hata hivyo, serikali ya mseto ilisimama.

Pigo lilitoka kwingine. Mwaka 1992, yeye akiwa mtetezi wake mkuu, Saksonia ilianzisha benki yake, Sachsen LB, yenye makao makuu Leipzig. Benki za namna hiyo zilikopa kwa riba nafuu kwa sababu serikali ilisimama nyuma yao kama mdhamini. Tume ya Ulaya iliona huo ni upendeleo, na ikakubaliwa kwamba dhamana ikome Julai 2005. Kabla ya tarehe hiyo benki nyingi za majimbo zilikopa kwa pupa, kisha zikaanza kutafuta pa kuziweka fedha hizo. Sachsen LB ilipitia tawi lake la Dublin. Mfuko mmoja uliosimamiwa huko, Ormond Quay, ulikopa kwa muda mfupi na kununua hati za muda mrefu, zikiwemo zilizotokana na mikopo ya nyumba Marekani. Agosti 2007 wakopeshaji walikataa kuendelea kukopesha. Kundi la benki za akiba lililazimika kutoa mkopo wa dharura wa euro bilioni 17.3, kiasi kinachokaribia bajeti ya mwaka mzima ya jimbo. Sachsen LB iliuzwa haraka kwa benki ya LBBW ya Stuttgart, na Saksonia ikabaki na dhamana ya euro bilioni 2.75.

Mtu atasema, na kwa haki, kwamba benki nyingine za majimbo, WestLB na BayernLB, nazo ziliyumba vibaya, tena kwenye majimbo makubwa na matajiri. Lakini hoja nzima ya kumweka mchumi madarakani ni kwamba ataona wasichokiona wengine. Kwa maoni yangu, hapa utaalamu wenyewe ulimziba macho. Mwanafani wa fedha za umma amefundwa kuliogopa deni lililoandikwa kwenye bajeti. Dhamana haiandikwi humo kama deni mpaka siku inapodaiwa, kwa hiyo jimbo liliweza kujisifu kwa ubahili huku likibeba hatari iliyozidi mikopo yote iliyokataliwa.

Milbradt alitangaza kujiuzulu Aprili 2008, na mwezi uliofuata Stanislaw Tillich akashika nafasi yake. Mwaka 2017 aliteuliwa kuwa mjumbe maalumu wa serikali ya Ujerumani nchini Ukraine, akishauri kuhusu ugatuzi na mapato ya serikali za mitaa. Kazi hiyo ilifanana zaidi na ile ya Münster kuliko ya Dresden.