Zimwi lilifikaje makaburini?

Kama umekulia Shinyanga au Geita, Shing'weng'we unamjua: zimwi la hadithi za Kisukuma lililomeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito. Mwanawe, Masala Kulangwa, akaja kuliua na kuwatoa watu tumboni wakiwa hai.

Waarabu nao wana ghul. Huyu alikaa jangwani, akibadili umbo ili awapoteze wasafiri na kuwala, ila kwato zake za punda zilimuumbua. Sasa yule mla maiti wa makaburini katoka wapi? Mtafiti Ahmed Al-Rawi anatupeleka Paris, kwa Antoine Galland, aliyechapisha Alfu Lela u Lela kwa Kifaransa kuanzia 1704. Humo ghul anakula maiti usiku pamoja na mke wa mtu.

Umeona? Zimwi la mbali limeingizwa nyumbani. Kitabuni ni burudani tu. Huku kwetu Usukumani, vikongwe wameuawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Wasimulie watoto zimwi, ila usimvishe bibi sura yake.